Cheti Nilichosaini Maji Yakiwa Yamekupwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, nimevaa sketi niliyoshonewa Lindi mjini kwa ajili ya siku ile, na Fundi Mkuu wa kituo, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu akasema, "Chumba cha mitambo kinaingia vumbi, binti. Anza hapo." Nikafagia. Wanaume wawili walioajiriwa pamoja nami walipewa bisibisi. Naanza na ufagio ili msije mkadhani nawasimulia habari za kishujaa. Mimi ni mstaafu, magoti yananiuma, na nimechoka kusikia kwenye hafla kwamba sisi wazee tulijenga mawasiliano ya kusini kwa moyo wa kujitolea. Tulijenga kwa woga vilevile.

Nilizaliwa Milola, ndani huko, kwenye mashamba. Bahari niliiona nikiwa msichana mkubwa, nikaiogopa, na hadi leo siogelei. Hilo litawasaidia kuelewa kosa langu, ingawa halinipunguzii kitu.

Nilipoanza kazi, simu za kusini zilikuwa bado zinapita kwenye waya wa shaba uliotandazwa juu ya nguzo. Nguzo zililiwa na mchwa, waya ukaibwa, mvua ikamaliza kilichobaki. Shirika letu likaamua kuachana na waya na kutumia mawimbi ya redio, yanayorushwa na antena ya mnara mmoja na kupokelewa na antena ya mnara mwingine. Mawimbi ya masafa tuliyotumia hupenda kunyooka. Ukiweka kilima katikati, yanakatika. Ukiweka msitu mnene wenye majani mabichi, yanadhoofika. Kwa hiyo kabla ya kusimamisha mnara ilibidi mtu aende akapime. Anaweka kitoa mawimbi upande mmoja, kipokezi upande wa pili, anasoma nguvu kwenye mita, anaandika. Kazi hiyo tuliiita upimaji wa njia, na baada ya kufagia kwa muda wa kutosha ndiyo niliyopewa. Nilizunguka Lindi yote na Kilwa yote nikiwa na mita begani. Wanakijiji waliniita Mama Antena kabla sijawa mama wa mtu yeyote.

Nilikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa: nilipenda kujua mambo yasiyonihusu. Nyuma ya nyumba yangu niliweka kopo la kupimia mvua. Niliandika majina ya miti kwa Kimwera na Kiswahili, na mbele ya kila jina nikaandika mti huo unazuia mawimbi kiasi gani ukiwa na majani na ukiwa hauna. Nilichunguza mchwa wanapenda ganda la waya wa rangi gani. Nilichora mwezi kila siku kwenye daftari, bila sababu, kwa kuwa nilipenda tu kuutazama unavyokua na kukonda. Meneja wa Mkoa, bosi wangu wa pili, mtu mrefu mwenye sauti laini, alilikuta daftari hilo mezani kwangu akalifunua kwa kidole kimoja.

"Hii ni nini?"

"Mwezi, mheshimiwa."

"Shirika linakulipa upime simu. Mwezi una mwenyewe."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Ndivyo nilivyokuwa wakati ule, nikichekwa nami nacheka, halafu narudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Sasa nifike kwenye kisiwa. Ni kimoja cha visiwa vya Kilwa, ukishapita Songo Mnara, na sitakitaja jina kwa sababu watu wake wapo na wengine wanasoma. Kilikuwa na zahanati moja, nesi mmoja, na hakikuwa na simu. Mgonjwa akizidiwa, mtu alipanda mashua kwenda Kilwa Masoko kuomba msaada, halafu msaada ndiyo uanze kuja. Tuliagizwa tuwawekee simu ya redio pale zahanati, yaani chombo chenye kipaza sauti na kitufe pembeni. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza. Njia ilitakiwa kutoka kisiwani moja kwa moja hadi mnara wetu wa Masoko.

Nilikwenda kupima mara tatu, Fundi Mkuu akiongoza. Sikilizeni vizuri jinsi tulivyokwenda, maana msiba wote umelala hapo. Mbele ya kisiwa kile pana uwanja mpana wa tope, mchanga na mikoko. Maji yakikupwa, mashua haifiki, na mtu mwenye betri na mitambo ya thamani hawezi kutembea kwenye tope la magoti. Kwa hiyo tulichagua siku za bamvua, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo bahari hujaa sana na kutoka sana. Tuliondoka Masoko kunapokucha, tukafika maji yangali yapo, tukashusha mizigo. Hadi tunafunga antena na kuwasha mita ni saa tatu na nusu, na bahari imeshaondoka, imeacha tope tupu. Tulipima hadi saa saba. Maji yaliporudi tulipakia haraka tukaondoka, kwa kuwa Fundi Mkuu hakutaka kulala kisiwani hata kwa dawa. Mara zote tatu mita ilisimama imara, sindano haitikisiki. Njia safi kabisa, nikaandika.

Mara ile ya tatu alikuja bibi mmoja akitokea huko topeni, kanga ameifunga mapajani, mkononi ana chuma cha kuchokolea pweza na kikapu kizito. Jina lake Bi Somoe.

"Hodi wenye mitambo."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mnapima nini kila siku?"

"Tunapima njia ya simu, bibi. Itatoka hapa mpaka Masoko."

"Inapita wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya lile tope alilotoka. Bi Somoe akacheka mpaka akatua kikapu.

"Mwanangu, hapo unaponionyesha, ikifika saa kumi jioni pana maji ya kumfunika mtu mrefu na mwenzie kambeba begani. Mara ya tatu hii nawaoneni. Mnakuja kuipima bahari ikiwa haipo."

Fundi Mkuu alimcheka yeye. Mimi sikucheka. Fizikia yake niliijua. Tope lenye majani na mashimo hutawanya mawimbi ovyo. Lakini maji tulivu yaliyojaa, tena jioni isiyo na upepo, hugeuka kioo. Hapo kipokezi hupata mawimbi mawili, moja lililonyooka na moja lililogonga maji na kuruka. Yakifika kwa kupishana, moja likipanda na lingine likishuka, yanafutana, na mtu anabaki kusikia mngurumo tu. Kuna kimo fulani cha maji ambapo hilo hutokea, na maji ya bamvua yangeweza kukifikia kimo hicho. Dawa yake ipo na si ngumu: unafunga antena ya pili chini ya ile ya kwanza, ili moja ikizibwa nyingine isikie. Au kwanza unabaki kisiwani hadi saa kumi, unapima.

Nilirudi Lindi nikaenda kwa Meneja wa Mkoa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameegemea kiti.

"Ripoti yako ina vipimo vya safari ngapi vinavyosema njia safi?"

"Tatu, mheshimiwa."

"Na ripoti ya huyo bibi wa pweza ina kurasa ngapi?"

Akaendelea kwa sauti yake ileile laini. "Mgeni rasmi wa uzinduzi ameshaalikwa. Antena ya pili haimo kwenye mpango. Na jina lako nimelipeleka makao makuu kwa nafasi ya utafiti Dar es Salaam, wewe mwanamke wa kwanza kutoka mkoa huu. Usije ukalichafua kwa pweza."

Akanisogezea cheti cha njia, karatasi ambayo bila sahihi ya mpimaji mnara hauwashwi. Kilikuwa na mstari unaouliza njia inafaa wakati gani. Niliandika kwa mkono wangu, "Wakati wote." Nikasaini. Hakunishika mkono, hakunitishia, wala hakuniambia niandike maneno hayo mawili. Nilitaka kwenda Dar es Salaam.

Uzinduzi ulifanyika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maana wageni nao walihitaji mashua iwafikishe mapema, maji yangali yapo. Simu ililia vizuri, watu wakapiga vigelegele. Baadaye mwenyekiti wa kijiji alianza kuleta barua: simu siku nyingine inanguruma, haisikii. Kila barua ilipofika, fundi wa zamu alipiga kisiwani kesho yake asubuhi, akajibiwa, akaandika kwenye kitabu, "Nzima." Barua hizo zilipita mezani kwangu. Nilizilinganisha na daftari langu la mwezi. Zote ziliangukia siku za bamvua, na zote zilisema jioni. Nilijua kabisa. Nikafunga daftari nikaendelea kusubiri barua yangu ya uhamisho.

Nesi aliyekuwapo alihamishwa, akaletwa mpya, msichana wa vilimani, Kilwa ya ndani, Mmatumbi na Mkatoliki, jina lake Sesilia. Bahari aliijua kama nilivyoijua mimi, yaani hakuijua. Alikuwa hajamaliza mwezi pale mama mmoja wa watoto wawili alipojifungua akaanza kutoka damu isiyokatika. Ilikuwa saa kumi jioni, maji yamejaa pomoni, hakuna upepo. Nesi Sesilia alipiga simu Masoko waje na mashua ya hospitali. Simu ikanguruma. Akarudi kwa mgonjwa, akarudi kwenye simu. Akatuma mtu ufukweni kutafuta chombo, na wavuvi walikuwa hawajarudi. Simu ilipokuja kukubali, maji yalikuwa yameanza kutoka, na mashua ilipofika ilikwama mbali topeni. Yule mama alikuwa ameshafariki.

Kiliitishwa kikao cha uchunguzi pale Masoko, watu watatu nyuma ya meza. Kitabu cha kituo kilionyesha simu moja tu kutoka kisiwani, ile ya kuchelewa. Fundi alisema aliipima asubuhi iliyofuata akaikuta nzima. Mimi niliitwa kama mtaalamu.

"Bi Mtaalamu, mtambo ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

Na kweli ulikuwa mzima. Mtambo haukuwa na kasoro hata moja. Niliulizwa mtambo nikajibu mtambo, na kuhusu njia hakuna aliyeniuliza. Nimejisemea jibu hilo maisha yangu yote na sijawahi kulipenda.

Halafu wakamgeukia Nesi Sesilia.

"Ulibonyeza kitufe?"

"Nilibonyeza."

"Una hakika? Chombo hiki bila kubonyeza hakisemi. Ulikuwa na wasiwasi, mikono ina damu."

"Nilibonyeza. Kilinguruma."

"Mtaalamu hapa anasema ni kizima. Fikiri vizuri."

"Nadhani nilibonyeza."

Kutoka "nilibonyeza" hadi "nadhani nilibonyeza" zilipita dakika chache tu, na mimi nilikaa hatua tatu kutoka kwake nikiutazama mdomo wake ukibadilika. Daftari langu lilikuwa ndani ya mkoba, mapajani kwangu. Waliandika kwamba nesi alichanganyikiwa akachelewa kuita msaada. Unga wake ukamwagika. Haukupita muda mrefu, mafundi walitumwa kimyakimya wakafunga antena ya pili kisiwani. Kasoro ambayo haikuwahi kuwapo ikarekebishwa, na simu haikusumbua tena. Mwezi huohuo nikahamia Dar es Salaam.

Huko nilipanda. Nikawa Mtafiti, nikawa Mtafiti Mwandamizi, nikawa Mkuu wa Utafiti mwenye gari na dereva. Na mnajua nilipanda kwa kitu gani? Kwa kisiwa kile. Makala iliyonipa jina ilieleza jinsi mawimbi yanavyofifia juu ya pwani inayojaa na kukupwa, na kwa nini wapimaji wa pwani zetu hukosea: kwa sababu mashua huwapeleka maji yakiwapo, na hadi wamefunga vyombo maji hayapo. Wataalamu wa nchi za mbali waliniandikia. Nilisimama kwenye kumbi kubwa nikionyesha grafu. Mtu mmoja aliniuliza niligunduaje, nikasema nilizungumza na wenyeji. Walipiga makofi. Kisayansi makala ile ilikuwa kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliichapisha nikiwa na cheo ambacho hakuna wa kukigusa. Wakubwa waliokuwa wakilicheka daftari langu la mwezi sasa walinisifu kwa upana wa fikra, na Meneja wa Mkoa, ambaye naye alikuwa amepanda, alinipa mkono mbele ya wapiga picha. Sikuukataa mkono wake.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Nimerudi Lindi, naishi karibu na ghuba, bado napima mvua. Vijana wa minara ya simu za mkononi hunitembelea wakija kikazi. Wana adabu, wananipa shikamoo zao, wananionyesha kompyuta inayopima njia wakiwa wamekaa hotelini. Nawauliza, "Humo ndani mmeweka bahari ya saa ngapi?" Wanatazamana. Mmoja aliniambia, "Mama, system inajua." Sikumjibu kwa ukali, maana mimi bila system nilijua na haikumsaidia mtu.

Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya presha nilipomsikia nesi mstaafu akitaja wenzake wa zamani, akataja Sesilia. Nikauliza yuko wapi. Akasema yu hai, yuko kwao vilimani, analima machungwa. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili bila usingizi wa maana. Nilikuwa nimejizoeza kumfikiria kama mtu aliyekwisha, na sasa alikuwa na shamba na anwani. Wiki ya tatu nilipanda basi, nikashuka Njia Nne, nikachukua bodaboda.

Dereva alikuwa mtu wa makamo. Njiani aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa Mama Sesilia, aliyekuwa nesi.

"Aa, yule wa simu," alisema.

"Wa simu gani?"

"Si alimwacha mtu akafa huko visiwani, akasahau kubonyeza simu? Ndiyo wanavyosema wazee. Huku hata mtoto akiungua hapelekwi kwake. Ila mama mpole sana."

Tulipofika nilimlipa nikashuka.

Nilimkuta chini ya michungwa akipanga matunda kwenye matenga, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunikumbuka. Nilikataa kiti. Nilimwambia mimi ni yule mtaalamu wa kikao cha Masoko, nikamweleza bahari, tope, saa kumi jioni, Bi Somoe, cheti, daftari lililokuwa mapajani mwangu. Nilimwambia, "Simu ilikuwa imekufa, dada. Ulibonyeza. Ungebonyeza mpaka kidole kikatoka, isingesikika. Nilijua wakati ule, nikanyamaza ili nipate cheo."

Alinisikiliza bila kuacha chungwa alilokuwa nalo mkononi. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyatayarishia nafasi kabisa, na nakiri nilikuwa nayatamani, ili nikitukanwa nihisi nimelipa, nirudi zangu Lindi nikalale.

"Mimi nilijua sikubonyeza," alisema polepole. "Waliniambia wengi, nikaamini. Nimeungama kwa padri. Kila mwaka naungama. Marehemu mume wangu alinitetea kwa watu, akisema mke wangu alikuwa kijana, mikono ilitetemeka. Kumbe nilibonyeza?"

"Ulibonyeza."

Nililia mimi, yeye hakulia. Kisha akaweka chungwa chini, akafuta mikono kwa kanga, akasimama.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwa jirani. Ukamwambie."

Akanishika kifundo cha mkono kama mtu anavyomshika mgonjwa. Nyumba ya kwanza alikuwapo mzee anayesuka mkeka. Sesilia alisema, "Huyu mgeni ana neno," akaniachia. Nikasema lote tangu mwanzo, pamoja na jina langu na cheo changu. Yule mzee alimtazama Sesilia, akataka kusema kitu. Sesilia alikuwa ameshageuka. Nyumba ya pili walikuwa wanaume wanne wakicheza bao, wakaacha kete. Nyumba ya tatu walimwita bibi kizee kutoka ndani, asiyesikia vizuri, ikabidi nipige kelele kwamba mimi ndiye niliyeandika uongo na nesi alibonyeza. Watu walianza kutufuata nyuma. Mtu mmoja alimwambia Sesilia inatosha, mgeni mtu mzima amechoka, jua kali. Akanivuta mbele.

Nyumba ya nne sauti yangu ilikuwa imekauka, maneno hayatoki. Sesilia aliomba maji kwa wenyewe, akanipa kikombe, akasimama pembeni yangu akisubiri nimalize kunywa, halafu tukaenda ya tano.